Moto wa Ng'ombe wa Mama

Mimi ni mwalimu wa baiolojia. Nalisema hili mapema kwa sababu wako watu mtaani kwetu wanaopenda kunikumbusha kila nikipita, na afadhali nijisemee mwenyewe. Tunakaa Ukonga, ndani ndani, lami ilikoishia zamani. Ukimwambia mtu wa Mbezi Beach kwamba unakaa Ukonga, anakuuliza umebakiza miaka mingapi, kwa ajili ya lile gereza lililoko huku kwetu. Nimeshachoka kuucheka utani huo.

Mume wangu kazi yake imehamia Dodoma, anakuja mwisho wa mwezi kula na kutoa ushauri. Watoto wako bweni. Kwa hiyo baba yangu alipofariki kule Rombo, na kaka zangu wote wameshahamia Arusha, nikamwambia mama aje tukae wote. Alikataa mara nne. Mara ya tano akasema, "Nitakuja, lakini siji peke yangu." Nikadhani analeta mjukuu mmoja wa kumsaidia.

Alileta ng'ombe. Wawili, mmoja na mtamba wake, juu ya lori la ndizi. Dereva alishuka amevimba kwa hasira, maana kuanzia Korogwe ng'ombe walikuwa wanakula mzigo wa watu. Yule mkubwa ana jina zuri, ila mama amenikataza kulitaja mbele za watu, eti litapata kijicho. Mama mwenyewe alishuka na begi moja jeusi lenye zipu inayokwama. Nguo alizitoa akazipanga kabatini. Mwiko wake wa kupondea mtori, ule mchuzi wetu mzito wa ndizi na nyama, alioutumia tangu nikiwa mtoto, aliuacha humo humo begini, umeviringishwa kwenye kanga.

"Mama, si uutoe mwiko, jikoni si kwako?"

"Mimi ni mgeni hapa," akasema. "Mgeni hapikii watu kwenye moto wao."

Nikamjibu kwa utani kwamba mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Akacheka, akachukua jembe kweli, akapanda migomba na magimbi nyuma ya nyumba. Lakini mwiko hakuutoa. Miaka miwili alikula chakula changu, akakisifia, akanawa mikono, akarudi chumbani kwake kulikokuwa na lile begi chini ya kitanda. Na mimi nilijua moyoni kwamba mwiko ukiwa begini, begi bado lina safari.

Basi. Banda la ng'ombe tulilijenga kwenye ukuta wa nyuma, na upande wa pili wa ukuta ule jirani yangu anakaanga mihogo. Mama wa watu katokea Newala, mnene, mchangamfu, na mihogo yake inajulikana mpaka kituo cha Banana. Tulikuwa tunapatana vizuri sana kabla ya ng'ombe. Baada ya ng'ombe, kila asubuhi nilisikia sauti yake ikipanda ukutani:

"Mwalimuuu! Mie nauza mihogo, siuzi mavi!"

Na alikuwa na haki, nasema kweli. Mteja anaumega muhogo, anauchovya kwenye pilipili, anauinua kuutia mdomoni, upepo unageuka. Nilimuona baba mmoja mwenye tai akiurudisha muhogo kwenye sahani taratibu.

Jirani akaenda kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Mwenyekiti ni mtu mpole lakini anapenda hotuba. Alikuja na daftari, akasimama mbele ya banda huku leso iko puani, akasema kwa niaba ya serikali ya mtaa na kwa niaba yake binafsi kwamba ndani ya miezi mitatu ama iondoke harufu, ama waondoke ng'ombe. Akamgeukia mama akamwamkia, "Shikamoo bibi, unisamehe, ni kazi tu."

"Marahaba, baba," akasema mama. "Kazi ni kazi. Ng'ombe wakienda, na mimi nitakwenda nao."

Alilisema kama mtu anayesema kesho ni Jumanne. Hakununa, hakulia. Jioni ile akaniuliza malori ya kwenda Rombo yanapakilia wapi siku hizi. Niliingia bafuni nikafungulia maji ili asinisikie nikilia. Kule Rombo nyumba imefungwa. Mama ana presha, vidonge vyake mimi ndiye ninayemkumbusha. Nani atamkumbusha kule, migomba? Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa kitu chochote tangu nizaliwe, na ninapoogopa huwa nakuwa mkali. Wanafunzi wangu wa kidato cha tatu waliipata wiki ile.

Mwalimu mwenzangu anayefundisha kilimo ndiye aliyenisikia nikilalamika. Akasema, "Dada, wewe una gesi nyumbani unaiacha inapotea hewani halafu unalia?" Akanipa namba ya fundi anayejenga mitambo ya gesi ya samadi.

Fundi alikuwa mtu mzima, ana kitambi na kalamu sikioni, anaongea kama daktari. Alizunguka ua, akapima kwa hatua, akainama akaangalia mavi, akayanusa, akasema, "Afya nzuri." Kisha akatueleza. Anachimba shimo, anajenga kuba la tofali chini ya ardhi, zege juu, halipitishi hewa. Huku upande wa banda kuna kisima kidogo cha kuchanganyia, sakafu ya banda inateremkia hapo. Samadi inaingia, inakaa gizani inachachuka, gesi inapanda juu, inaingia kwenye bomba, inakwenda jikoni. Upande wa pili unatoka uji mweusi usio na harufu, unamwagia migomba.

"Hili ni tumbo la ng'ombe wa tatu," akasema. "Linakula kila siku. Ndoo ya mavi mabichi, ndoo ya maji, koroga mpaka iwe uji, mimina. Na mabaki ya shambani msitupe. Majani ya migomba, mabua ya mahindi, maganda, katakata ndogo ndogo, uchanganye kidogo kidogo. Ila sabuni, mama, sabuni isikaribie kabisa."

Sasa hapo mimi nikaona niseme neno. Nikamweleza kuhusu bakteria wanaoishi pasipo hewa, wanavyovunja selulosi, hatua kwa hatua. Nilichora hata mchoro mchangani kwa kijiti. Fundi alisikiliza mpaka mwisho.

"Mama ni daktari?"

"Mimi ni mwalimu wa baiolojia."

"Basi mtambo uko kwenye mikono salama," akasema, akafunga daftari lake. Mama yangu alikuwa amesimama pembeni na mundu wake, na nilimuona jinsi alivyonitazama. Alijivuna. Sikuwahi kumuona akijivuna hivyo hata siku ya mahafali yangu.

Ujenzi ulikwisha, tukalisha lile tumbo, tukasubiri. Mama ndiye aliyekuwa analilisha. Kila alfajiri anakoroga ule uji kwa mti mrefu, anaongea na ng'ombe Kirombo, kisha anakatakata majani ya migomba mpaka yanakuwa kama sukuma wiki ya kupika. Gesi ya kwanza haikuwaka kabisa, fundi akasema hiyo ni pumzi chafu, iacheni itoke. Mume wangu akapiga simu kutoka Dodoma kushauri tununue mtungi. Nikamkatia.

Wiki kadhaa baadaye nikafungua bomba la jiko, nikawasha kiberiti, na moto ukatoka. Wa buluu, umetulia, unavuma kidogo. Mama akachuchumaa akausogelea mpaka nikaogopa kitambaa chake cha kichwani kisishike moto.

"Hauna moshi?"

"Hauna."

"Haunuki?"

"Nusa mwenyewe, mama."

Akanusa. Akautazama muda mrefu. Kisha akasema, "Sasa na wewe pika mtori basi mama," hapana, mimi ndiye niliyemwambia hivyo, samahani nachanganya, maana hata leo nikikumbuka moyo unanienda mbio. Mimi nilimwambia, "Pika mtori, mama. Huu moto ni wa ng'ombe wako, si wangu." Na yeye akatikisa kichwa.

"Ngoja kwanza tujue kama tunakaa."

Harufu ilipungua sana, kwa kuwa mavi hayalali tena bandani, yanaingia tumboni yakiwa mabichi. Hata jirani siku mbili tatu alisahau kupiga kelele. Ndipo mwenyekiti akaleta barua, ina mhuri kabisa, kwamba Jumamosi saa nne atakuja yeye na mlalamikaji kukagua. Fundi akasema naye atakuja kueleza mambo ya kitaalamu. Mama akatangaza kwamba wote watakunywa chai ya ng'ombe: maziwa ya ng'ombe, yaliyochemshwa kwa moto wa ng'ombe.

"Chai ya mavi mie sinywi!" ikaja sauti kutoka juu ya ukuta. Huyu jirani alikuwa anasikia kila kitu.

Sasa mnisikilize vizuri. Mimi nimelelewa hivi: mgeni akija, nyumba inaoshwa mpaka isijijue. Mama yangu ndiye aliyenifundisha. Kwetu, siku ya mgeni, hata mawe ya njiani yalifagiliwa. Shuleni mimi ni mlezi wa klabu ya usafi. Na aliyekuwa anakuja safari hii ni mwenyekiti wa mtaa, ambaye binti yake namfundisha. Je, mimi nikae nisubiri mwenyekiti aje akanyage sakafu ya banda yenye madoa?

Nilianza Jumatatu. Saa kumi na moja asubuhi kabla ya kwenda shule, mama akiwa anasali sala zake chumbani, nilivaa mabuti, nikashika fagio la chelewa. Sabuni sikugusa. Fundi alikataza sabuni, na mimi ni mtu wa kufuata maelekezo. Nilichukua dawa ya kuoshea choo, ile inayoua vijidudu vyote, ya dumu la lita tano, inanukia msonobari. Nikamwaga, nikasugua, nikasuuza. Maji yakateremka na mteremko wa sakafu, yakaingia kwenye kile kisima kidogo, glu glu glu, yakaenda zake. Nikasimama nikavuta hewa. Banda lilinukia kuliko sebule yangu. Nikajisifu.

Jumanne nikarudia. Jumatano, Alhamisi, Ijumaa. Dumu likaisha, nikanunua jingine.

Alhamisi moto ulikuwa mfupi. Ijumaa jioni ulikuwa unarukaruka, unazimika, unarudi. Nikapandwa na mori. Nikakagua bomba, nikakagua koki, nikampigia simu mume wangu nikamgombeza kwa sababu ya mtungi. Kisha nikaona mwanga. Nikapanda kwenye ndoo, nikatoa kichwa juu ya ukuta.

"Jirani! Umetumwagia nini huku?"

"Nimwage nini mie?"

"Mafuta machafu ya mihogo! Umeyamwaga kwenye mtambo ili gesi ife, kesho tuaibike!"

Aliacha kukaanga. Alinitazama na mwiko wake wa chuma mkononi, mafuta yanadondoka. "Mwalimu," akasema, "mafuta yangu mie nayamwaga? Unajua mafuta yanauzwaje siku hizi? Wewe shuka kwenye hiyo ndoo kabla hujaanguka ukasema nimekuroga."

Nikashuka. Sikumwamini hata kidogo.

Jumamosi saa nne kamili wakaja. Nilikuwa nimetandika vitambaa, vikombe vya harusi viko mezani. Mama alikuwa amevaa kitenge chake kizuri, ametia maziwa kwenye sufuria, anangoja. Mwenyekiti akapita bandani, akashangaa. "Hapanuki!" akasema. Jirani naye akanusa, akanusa tena, akakunja uso.

"Hapanuki mavi, kweli," akasema. "Pananukia wodi."

Tukaenda jikoni. Mwenyekiti akatoa hotuba fupi kuhusu nishati safi. Mama akafungua koki kwa heshima, nikawasha kiberiti. Kimya. Nikawasha cha pili. Cha tatu kikaniunguza kidole. Jiko lilipumua mara moja, pff, basi.

Fundi aliinusa koki. Alitoka nje, akaenda kwenye kile kisima kidogo, akachovya kijiti, akakinusa. Akarudi polepole, kitambi mbele, uso umebadilika kama daktari anayetoka chumba cha upasuaji na habari mbaya.

"Mtambo umeuawa," akasema. "Kuna mtu kaosha banda kwa dawa. Si siku moja. Wale wadudu wanaotengeneza gesi wamekufa, karibu wote. Nauliza tu: nani?"

Hapo ndipo lilipoingia akilini. Miaka kumi na tisa nimefundisha vijidudu, naandika ubaoni, natunga maswali, nawakata watoto wa watu maksi. "Taja faida mbili za bakteria." Mimi huyu. Nilitazama sakafu. Nilijua lazima niseme. Mwenyekiti alikuwa ananitazama. Jirani alikuwa ananitazama, na tena nilikuwa nimemtukana jana tu. Nilisubiri ulimi usogee, haukusogea.

"Ni mimi," akasema mama.

Wote wakageuka.

"Ni mimi mzee," akasema, mikono kaifumbata mbele. "Niliona wageni wanakuja, nikataka pawe pasafi. Sikujua. Ushamba wangu. Mnisamehe sana wanangu."

Mwenyekiti akalainika pale pale. Nani atamgombeza bibi mwenye mvi aliyeosha nyumba kwa ajili ya wageni? "Bibi, usiwe na wasiwasi," akasema. "Tatizo ni elimu tu. Basi kwa niaba ya serikali ya mtaa nawaongezea mwezi mmoja. Na bahati nzuri mna mtaalamu humu humu ndani." Akanigeukia. "Mwalimu, umfundishe mama habari za hawa wadudu."

Na mimi, Mungu anisamehe, nikasema, "Nitamfundisha."

Walipoondoka nilimkuta mama bandani, amekaa kwenye kigoda cha kukamulia, anaisafisha kwato ya ng'ombe kwa maji matupu. Nikasimama mlangoni.

"Nilikuona," akasema bila kuinua kichwa. "Siku zote tano. Nilikuwa nakuona dirishani."

"Sasa mbona hukunizuia, mama?"

"Nikuzuie vipi? Wewe umesoma. Nilisema huyu anajua anachofanya, ni mambo ya shule." Akaishusha kwato, akachukua nyingine. "Mimi kuonekana mjinga hakunipunguzii kitu, watu wameshanizoea. Wewe Jumatatu una wanafunzi."

Ningependelea anipige kofi. Nilikaa chini pale pale kwenye sakafu niliyoisugua mimi mwenyewe, nikalia, na ng'ombe akanilamba kichwa akaharibu nywele nilizosuka Ijumaa.

Fundi alisema mgonjwa bado ana pumzi. Tutoe sehemu ya uji uliokufa, tuache kwa siku chache, kisha tuingize samadi mbichi nyingi kutoka kwa ng'ombe wengine, wenye wadudu wazima, wakazaliane upya. Ng'ombe wengine wako Chanika kwa mfugaji mmoja. Kwa hiyo kila jioni baada ya vipindi, mwalimu wa baiolojia, na blauzi yangu ya kola, nilikuwa nasimama barabarani Chanika na ndoo nne za mavi zenye mifuniko, natafuta bajaji.

"Mama, mie nabeba abiria," akasema dereva wa kwanza, akaondoka. Wa pili naye hivyo hivyo. Wa tatu nikamzibia njia.

"Hawa ni abiria," nikamwambia, nikapiga mfuniko wa ndoo. "Humu kuna abiria mabilioni, na wote ni hai, na nawahitaji wafike wakiwa hai. Twende."

Alinitazama kama anafikiria kunipeleka kwanza hospitali. Lakini alinibeba, na baadaye akawa ananisubiri mwenyewe. Siku moja tulisimama kwenye foleni, nimekumbatia ndoo mapajani, na kundi zima la kidato cha tatu likavuka mbele yetu. "Shikamoo mwalimu!" Nikaitikia marahaba, nimenyoosha shingo. Harufu ikawafikia. Nikaona mmoja akimnong'oneza mwenzake.

Mama alilisha lile tumbo kama anavyolishwa mgonjwa, kidogo kidogo, na hakuna mtu aliyeruhusiwa kupita na sabuni hata ya kunawia. Siku moja niliona mfuko wa maganda ya mihogo umeninginizwa ukutani kwa juu. Kesho yake mwingine. Mama aliyakatakata, akayachanganya kiasi, akaurudisha mfuko ukutani na chupa ya maziwa ndani yake.

Mwezi ulipokaribia kuisha moto ulirudi. Kwanza mdogo, wa kusitasita, kisha wa buluu kama mwanzo. Sikushangilia. Nilikuwa naogopa hata kupumua karibu nao.

Wakaja tena, Jumamosi, saa nne. Safari hii banda lilikuwa na madoa yake na sikuliangalia mara mbili. Mama akafungua koki, nikawasha kiberiti, moto ukasimama. Maziwa yakachemka, majani yakaingia, sukari, tangawizi. Mwenyekiti akanywa kikombe kizima akaongezewa. Jirani hakunywa, alikaa na kikombe mkononi anakichungulia, ila alikuwa ameinama chini ya meza anafuatilia bomba kwa macho. "Hii mipira," akamuuliza fundi kwa sauti ya chini, "inaweza kuvuka ukuta?" Fundi akamwambia ng'ombe wawili hawatoshi kukaanga mihogo ya Ukonga nzima. "Sijasema mihogo yote," akasema.

Mwenyekiti akasimama, akakohoa. "Kwa niaba ya serikali ya mtaa natangaza ng'ombe hawa wabaki." Kisha akainama kwa mama, akaongea taratibu, kwa sauti ile watu wanayowasemeshea wazee na watoto. "Ila bibi, tusirudie tena, sawa? Dawa inaua wadudu. Umenielewa bibi? Wa-du-du."

"Nimeelewa, baba," akasema mama, ameinamisha kichwa. "Sirudii."

Ilinichoma hapa, kifuani. Nikaweka kikombe chini kikagonga.

"Ni mimi," nikasema. "Niliyemwaga dawa ni mimi. Siku tano. Madumu mawili. Mama alinisitiri. Yeye hajawahi kukosea chochote kwenye banda lile."

Mwenyekiti alinyooka, akanigeukia.

"Mwalimu," akasema mwenyekiti, "si unafundisha baiolojia?"

"Ndiyo."

"Si ndiyo unayomfundisha binti yangu?"

"Ndiyo hiyo hiyo."

"Ala!" jirani akaruka. "Yaani ni wewe! Na ulivyopanda kwenye ndoo ukanitolea macho kwa mafuta yangu!" Akapiga paja akacheka, akacheka mpaka machozi, akanywa chai yote bila kujua anakunywa nini. Na tangu siku ile hajanyamaza. Mpaka leo wateja wake wakiniona wananiuliza kama nimewasalimia wadudu. Nimestahili.

Mama ndiye hakucheka. Wageni walipotoka alikuwa amenuna kabisa.

"Sasa umefanya nini? Nilikuwa nimeshasamehewa."

"Mama, hukuwa na kosa la kusamehewa."

Akaguna. Akaingia chumbani kwake akafunga mlango. Kisha nikasikia sauti ambayo ningeitambua popote: begi linavutwa chini ya kitanda, na ile zipu inakwama, inavutwa, inakwama. Nikabaki nimesimama na vikombe mikononi. Nikajiuliza, ng'ombe si wamebaki? Nimemuudhi kiasi hicho?

Mlango ukafunguliwa. Alikuwa ameshika ile kanga. Akaifungua mezani, akautoa mwiko wa mtori, mweusi kwa miaka, ncha moja imelika. Akaupeleka kwenye maji matupu, akaukosha, akaupangusa kwa upindo wa kanga.

"Ndizi zile za nyuma zimeshakomaa," akasema. "Na nyama ipo?"

"Ipo. Ngoja nikusaidie kumenya."

"Kaa chini." Alikuwa ameshafungua koki, na kiberiti kilikuwa mkononi mwake. "Leo mgeni ni wewe."

Nikakaa.